ZAWADI YA MKONO HAINA DENI

Mazungumzo juu ya vitu vyepesi vya kufanyizwa nyumbani, kwa ajili ya jamaa na kwa ajili ya nyumba yenyewe



Wahenga wamesema maneno mawili juu ya zawadi, na kwa mtazamo wa kwanza maneno hayo yaonekana kupingana. Neno la kwanza ni hili: Mkono mtupu haulambwi. Neno la pili ni hili: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu ashikaye neno la kwanza peke yake huona haya kufika kwao bila ya kitu, naye hukopa ili asionekane mtupu. Mtu ashikaye neno la pili peke yake aweza kufika na maneno mazuri tu, asiwe na kitu cha kumfaa mtu. Lakini ashikaye yote mawili hufika na kitu mkononi, na kitu hicho hakikumtia katika deni. Jinsi ya kukipata kitu hicho ndiyo habari ya mazungumzo haya.

Kila mwaka Krismasi ikikaribia mambo huwa yale yale. Baba afanyaye kazi mjini ajua ya kuwa anatazamiwa nyumbani. Watoto wahesabu siku, na bibi yao auliza kwa majirani kama basi limefika. Baba huyo hupita madukani, na mshahara usipotosha hukopa. Zamani alimwendea mwenye duka aandikwe katika daftari. Siku hizi hukopa kwa simu, na ni kazi ya dakika chache tu. Zawadi hufunguliwa, watu wakafurahi. Kisha Januari yaingia, na karo ya shule yatakiwa, na sare, na vitabu, na deni nalo limesimama mlangoni. Kigari cha plastiki kilichonunuliwa kwa fedha ya mkopo kimekwisha kuvunjika gurudumu kabla deni lenyewe halijalipwa. Na mwenye kusherehekea Idd ana hesabu yake iliyo kama hiyo.

Si kwamba vitu vya dukani ni vibaya. Sufuria, blanketi na viatu vya shule ni vitu ambavyo mkono wa nyumbani hauwezi kuvifanyiza vizuri, na mwenye fedha ya kuvinunua na avinunue. Lakini viko vitu vingine vingi ambavyo vyaweza kufanyizwa nyumbani, tena vikawa imara kuliko vya dukani. Hapa vitaelezwa vitano.

KANUNI TATU ZA KUFUATWA

Kabla ya kutaja vitu vyenyewe, yafaa zielezwe kanuni tatu. Mwenye kuzifuata hatapoteza siku zake bure.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kitu kiwe na kazi. Zawadi isiyo na kazi hutundikwa ukutani ikashika vumbi, na aliyepewa hujiona amebebeshwa mzigo wa kuitunza. Basi mtoaji na aangalie kwanza nyumba ya mpewaji. Ikiwa mama huchota maji mtungini kwa kikopo cha bati kilichoingia kutu, atafurahia kata. Ikiwa babu hulaza kichwa juu ya koti lililokunjwa, atafurahia mto.

Kanuni ya pili ni kwamba kitu kitokane na kilichopo karibu. Mtu wa Kilifi asihangaike kuagiza katani kutoka Ukambani, wala mtu wa Machakos asisafiri kutafuta vifuu. Penye mnazi pana kifuu. Penye mkonge pana katani. Penye mgomba pana magome yake makavu. Na mjini, ambako watu husema hakuna kitu, kuna matambara ya fundi cherehani, kuna waya, na kuna ndala zilizokatika.

Kanuni ya tatu ni kwamba kazi ifanywe mbele ya mtoto. Mtoto asiambiwe aende akacheze mbali ili asisumbue. Na aketi, aulize, apewe kipande chake akiharibu. Kazi za mikono hazikuandikwa katika vitabu vingi. Zimepita kutoka mkono hata mkono, na mkono mmoja ukikosa kupokea, uzi umekatika.

KATA NA UPAWA

Nazi ikivunjwa kwa ajili ya kukunwa, hupatikana vifuu viwili. Kimoja kina macho matatu, na kingine hakina. Chenye macho kiende jikoni kiwe kuni, kwa kuwa jicho moja katika yale matatu ni laini, na hapo ndipo maji yatakapopitia. Kisicho na macho ndicho cha kazi. Nazi na iwe imekomaa sana, maana kifuu cha nazi changa hupasuka kikikauka.

Kwanza, nyuzi za makumbi zilizosalia zikwanguliwe kwa kisu au kwa kipande cha chupa. Kisha kifuu kisuguliwe kwa mchanga na maji, na mwisho kwa msasa. Msasa wa dukani ni karatasi, lakini jina lake ni la mti, na majani makavu ya mti huo, yaliyo makali kama ulimi wa paka, yaliwatosha mafundi wa kale, na hata leo yatatosha po pote uotapo.

Ukitakiwa upawa wa kupakulia mchuzi, ukingo wa kifuu ukatwe chini zaidi ili chombo kiwe kama kisahani. Ikitakiwa kata ya kuchotea maji, kifuu kiachwe na kina chake. Matundu mawili yatobolewe karibu na ukingo, yakielekeana, kwa keekee au kwa msumari uliotiwa motoni hata ukawa mwekundu. Tundu la kwanza liwe pana kuliko la pili, na kipini kichongwe kiwe chembamba kuelekea nchani, ili kipite katika lile pana na kukazwa katika lile jembamba. Mti wa mpera ni mgumu nao wafaa sana kwa kipini. Gundi haitakiwi, wala misumari haitakiwi. Chombo kikiisha na kilazwe ndani ya maji usiku mmoja. Mti utafura, nacho kipini kitabana chenyewe. Mwisho kifuu kipakwe mafuta ya nazi kwa kitambaa, kiachwe siku moja, kipakwe tena.

Kazi yote ni ya jioni mbili au tatu, na gharama yake ni nazi ambayo ingenunuliwa hata hivyo kwa ajili ya wali.

MTO WA SUFI

Msufi hujulikana sana pwani. Maganda yake yakikauka hupasuka, na ndani yake mna sufi nyepesi, nyeupe, itelezayo mkononi kama hariri. Nyuzi za sufi zina uwazi ndani kama mirija midogo, tena zina nta juu yake, kwa hiyo hazinywi maji upesi. Ndiyo sababu zamani sufi ilijazwa katika vikoti vya kuelea vya mabaharia. Mto wa sufi hauwi mzito, na hewa ya pwani yenye unyevu haiuharibu upesi.

Sufi ianikwe juani ndani ya gunia lililofungwa mdomo, isije ikapeperuka. Kisha ipigwe taratibu kwa kijiti, ili mbegu zidondoke chini. Mbegu zikiachwa, mlalaji atahisi vidonge chini ya shavu lake. Mwenye kufanya kazi hii na afunge kitambaa puani na mdomoni, kwa kuwa nyuzi hizo ndogo huingia kifuani zikaleta kikohozi.

Mto wataka mifuko miwili. Mfuko wa ndani uwe wa kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, na ushonwe mara mbili pande zote, kwa maana sufi hutoka penye tundu dogo kabisa. Mfuko wa nje ndio foronya, nayo ndiyo ionekanayo na watu. Hapa ndipo zawadi ipatapo uso wake. Kanga iliyochakaa ya mama au ya nyanya yaweza kukatwa foronya nzuri. Kwanza ishikwe mbele ya jua, ili sehemu zilizolika zionekane ziachwe. Kisha ikatwe kwa namna ambayo jina la kanga, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa juu yake, litakaa katikati ya foronya bila ya kukatwa. Kanga hiyo yawezekana ilimbeba mgongoni yule yule atakayepewa mto. Hapana duka liuzalo foronya ya namna hiyo.

Mambo mawili yakumbukwe. Sufi haifuliwi, mto hutolewa juani, na foronya ndiyo ifuliwayo. Tena sufi hushika moto kwa haraka kuliko pamba. Kwa hiyo mto usiwekwe karibu na koroboi, wala mtu asivute sigara kitandani. Na watu wa bara wasio na msufi waweza kujaza mto vipande vidogo vya matambara yaliyofuliwa. Mto huo utakuwa mzito zaidi, lakini utakuwa imara, na waweza kufuliwa.

UPEPEO WA CHANE

Katika nyumba za pwani, tangu Vanga hata Kiunga, kazi ya kusuka chane yajulikana kwa majina mengi kama yalivyo mengi matumizi yake. Uko mkeka wa kulalia, uko msala wa kuswalia, liko jamvi la kutandikia wageni wengi, iko kawa ya kufunikia chakula, na uko upepeo. Mkeka mzuri ni kazi ya wiki nyingi. Mwenye kuanza asianze na mkeka, akikata tamaa akaiacha kazi yote. Na aanze na upepeo, ambao wamalizika kwa siku chache na hutakiwa katika kila jiko la makaa.

Makuti machanga ya mkoma au ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka. Huanikwa juani hata rangi yake ya kijani ikatoweka yakawa meupe. Kisha huchanwa kwa ukucha au kwa sindano, ndizo chane. Zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa pamoja na rangi, zikaanikwa tena kivulini. Kabla ya kusuka, chane hunyunyiziwa maji kidogo, kwa sababu kavu huvunjika na zenye maji mengi husinyaa zikikauka, na msuko ukalegea.

Kwa upepeo, chane husukwa kwa kupishana, moja juu na moja chini, mpaka upatikane mraba wa kadiri ya shibiri moja na nusu kila upande. Ncha zake hukunjwa ndani na kufichwa katika msuko. Kijiti chembamba hupitishwa upande mmoja na kushonwa kwa chane, mwisho wake ukiachwa mrefu uwe mshikio. Mwenye kwisha kufanyiza pepeo tatu au nne ataona vidole vyake vimeanza kujua njia bila ya kuangaliwa. Hapo ndipo afaapo kujifunza kusuka ukili mrefu na kushona ukili kwa ukili hata upatikane mkeka.

Lakini mkindu na usikatwe makuti yake yote machanga kwa mara moja, maana mti ukiondolewa mioyo yake hudhoofika na kufa. Lichukuliwe moja, mengine yaachwe. Mwanafunzi wa mwaka ujao naye atahitaji chane.

KIONDO

Katika kazi zote za kusuka za Kenya, hapana iliyosafiri mbali kama kiondo. Akina mama wa Kikuyu na wa Kikamba wamekisuka tangu zamani sana, nao wamebebea viazi, maharagwe na nafaka, mkanda wake ukipita juu ya paji la uso. Hapo kale nyuzi zilitoka katika magome ya vichaka na miti ya porini, na Wakamba walitumia pia gome la mbuyu. Mkonge ulikuja baadaye. Asili ya mmea huo ni Mexico, na mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Miche mingi ilikufa njiani, na ile michache iliyofika hai ndiyo iliyozaa mashamba makubwa. Kutoka huko mkonge ulienea hata Kenya, ukavuka mipaka ya mashamba makubwa, ukapandwa kama ua kando ya mashamba madogo. Akina mama wakaona upesi ya kuwa katani ni ndefu, nyeupe, tena yashika rangi. Kwa njia hiyo kitu cha kigeni kiliingia katika kazi ya kale, na kazi haikupoteza jina lake.

Jani la mkonge likikatwa, mwiba wa nchani uondolewe kwanza, kwa maana wachoma vibaya, na maji ya jani huwasha ngozi. Jani lichanwe vipande virefu, kisha kila kipande kikwanguliwe juu ya ubao kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke, zibaki nyuzi. Nyuzi zioshwe kwa maji mengi na kuanikwa.

Kisha ndiyo kazi ya kusokota, nayo ndiyo shule yenyewe ya kiondo. Mafungu mawili ya nyuzi huwekwa juu ya paja, yakatenganishwa. Kiganja huyasukuma mbele, na kila fungu likajisokota peke yake. Kisha kiganja hurudi nyuma na mafungu yote mawili pamoja, nayo husokotana kwa upande wa kinyume. Fungu moja lataka kufunguka upande huu, na uzi mzima wataka kufunguka upande ule. Kwa hiyo yazuiana, na uzi haufunguki. Kabla fungu halijaisha, nyuzi nyingine huongezwa polepole, ili pasiwe na fundo. Mwanafunzi asione aibu ikiwa uzi wake wa kwanza ni mnene hapa na mwembamba pale. Na autumie kufungia kuni, asokote mwingine.

Kiondo huanzia chini. Nyuzi za kusimama hupishanishwa katikati kama miali ya jua, na nyuzi mbili za kuzunguka hupita, mmoja mbele na mmoja nyuma ya kila uzi uliosimama, zikibadilishana nafasi kila mara. Kitako kikipanuka, nyuzi mpya za kusimama huongezwa. Kikifika upana unaotakiwa, nyuzi haziongezwi tena, na kuta zaanza kupanda zenyewe. Mwisho, ncha zote husukwa pamoja kuwa ukingo. Kiondo kikubwa ni kazi ya wiki kadhaa kwa mama mwenye shughuli nyingine. Kwa hiyo wa kwanza na asuke kidogo, cha kadiri ya bakuli, kwa ajili ya mtoto wa kike apelekaye mayai dukani, au cha kuwekea vitunguu jikoni.

Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo viliuzwa kwa wingi katika nchi za Ulaya na Marekani. Baadaye vikapu vya kuiga vilivyofanyizwa kwa mashine katika nchi za mbali viliingia katika masoko yale yale kwa bei ndogo, na wasukaji wengi wa Kenya wakapata hasara. Lakini tarehe 28 Agosti, 1997 ilipopita miaka 20 kamili, yaani siku hiyo hiyo ya mwaka 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilianza kutumika Kenya, na adhabu yake ikawa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tangu hapo mtu aendaye sokoni hana budi kuwa na chombo cha kutilia vitu vyake, na kiondo kikaonekana tena kuwa ni kitu cha kila siku. Kwa hiyo kumpa mtu kiondo si kumpa pambo tu. Ni kumpa kitu atakachokishika kila Jumamosi kwa miaka mingi.

VITU VYA KUCHEZEA WATOTO

Hapa mafundi wakubwa ni watoto wenyewe, na wazazi wana mengi ya kujifunza kwao. Mpira wa matambara na makaratasi, uliofungwa kwa kamba ya magome ya mgomba kama wavu, umechezwa katika kila wilaya. Gari la waya, lenye usukani mrefu wa kuendeshea kwa kusimama, limefanyizwa na wavulana ambao hakuna mtu aliyewafundisha. Huko Kiunga, mpakani mwa Somalia, mawimbi husukuma ufukoni ndala nyingi zilizotupwa baharini. Watoto walizikata wakafanya vyombo vya kuchezea. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 akina mama wa huko walianza kufanya kazi hiyo kwa ajili ya kuuza, hata taka ya bahari ikawa riziki.

Basi baba asiye na fedha ya kununua kigari na atafute waya, na ndala kuukuu za kukatia magurudumu, aketi na mwanawe jioni mbili. Gurudumu likatwe kwa kufuata duara la kikombe, litobolewe katikati, na mhimili wake uwe waya mnene. Ncha zote za waya zikunjwe ndani, zisimkwaruze mtoto. Mtoto mdogo apendaye kutia vitu kinywani asipewe kitu chenye mbegu, shanga au vifuniko vidogo. Huyo yamfaa mwanasesere wa kitambaa, ambaye macho yake yameshonwa kwa uzi wala si vifungo. Kigari hicho kikivunjika gurudumu, mtoto hatalia siku nzima, kwa kuwa ajua mahali gurudumu litokapo.

GHARAMA ISIYOONEKANA

Sasa yafaa kusema jambo moja kwa uaminifu. Ni kweli kwamba zawadi ya mkono haina deni la fedha, lakini si kweli kwamba haina gharama. Gharama yake ni siku za mtu. Na katika nyumba nyingi siku hizo huchukuliwa kwa mama, ambaye amekwisha kuchota maji, kutafuta kuni, kupalilia na kupika. Mume amwambiaye mkewe, “Suka viondo vitatu tuwapelekee ndugu,” kisha akaenda kukaa barazani, hakutoa zawadi yo yote. Aliyetoa ni mkewe. Ikiwa zawadi ni ya nyumba, kazi nayo na iwe ya nyumba. Baba akate mkonge na kukwangua. Watoto wachote maji. Mama asuke akiwa na nafasi. Tena kazi za mikono hazikuwa za wanawake peke yao po pote. Wanaume wa pwani wamesokota kamba za makumbi na kusuka madema ya kuvulia samaki. Katika Ukambani, Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Vita Kuu ya kwanza, alikotumika Tanganyika, akaanza kuchonga vinyago. Na kazi ya mtu huyo mmoja ikaenea hata Wamunyu ikajulikana kwa wachongaji wake.

Habari za uchongaji zina onyo pia. Miti iliyopendwa na wachongaji, kama mpingo na muhugu, ilikatwa kwa wingi hata ikaadimika, na wachongaji wengi wakageukia mwarobaini na mwembe. Kazi ya mikono isiyopanda kile inachokata huifunga milango yake yenyewe. Mwenye kukata mkonge na apande miche. Mwenye kukata ukindu na aache mioyo.

Mtu akisha kusuka kiondo kimoja kwa mkono wake, hata kikiwa kimepinda, atapata faida nyingine. Siku akikutana na mama auzaye viondo kando ya barabara, hatampunja bei. Atajua ni jioni ngapi zimeingia humo. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilifundisha kazi za mikono na ushonaji katika vilabu vyake vya vijijini, na vikundi vingi vya akina mama vya siku hizi huendelea kusuka pamoja na kuuza pamoja. Asiyekuwa na bibi wa kumfundisha nyumbani na atafute kikundi cha namna hiyo kilicho karibu, aombe kuketi nao. Mara nyingi hatatozwa cho chote ila subira.

WAKATI WA KUANZA

Mwisho, zawadi ya mkono haiwezi kufanyizwa kwa haraka usiku wa kuamkia sikukuu. Mwenye kutaka kutoa kiondo wakati wa Krismasi na akate mkonge mwezi wa Septemba. Mwenye kutaka kutoa mkeka au upepeo kwa Idd na aanike makuti yake kabla ya Mwezi wa Ramadhani kuandama. Mto wafuata msimu wa msufi, na sufi iliyovunwa na kuanikwa vizuri hukaa ndani ya gunia mpaka itakapotakiwa. Kata na upawa havina msimu. Kila nazi ivunjwayo ni nafasi.

Basi na kichaguliwe kitu kimoja tu kwa mwaka huu, kile ambacho mahitaji yake yamo uani sasa hivi, na aitwe mtoto mmoja aje kutazama.